Pete kwa Bei ya Tumbili

Leo nataka tuanze na pete.

Wengi wenu mmesoma Mabepari wa Venisi, ule mchezo wa Shakespeare ambao Mwalimu Nyerere aliutia katika Kiswahili ukachapishwa mwaka 1969. Mkiulizwa Shylock ni nani, mtajibu bila kusita: ni yule mla riba aliyedai ratili ya nyama kutoka mwilini mwa mdeni wake Antonio. Ni kweli. Tunamwona na kisu, tunamwona na mizani, na tunamchukia kama mchezo unavyotaka tumchukie. Lakini katikati ya mchezo kuna mahali padogo ambapo msomaji mwenye haraka hupita asisimame. Jessica, binti yake Shylock, ametoroka na mpenzi wake Lorenzo, akabeba fedha na vito vya baba yake. Shylock amemtuma rafiki yake Tubal kumtafuta. Tubal anarudi na habari za vipande vipande. Binti hakuonekana, ila inasemekana huko Genoa alitumia dukati 80 kwa usiku mmoja. Shylock anaugulia fedha yake, na sisi tunasema moyoni, ndiyo, huyu ndiye tunayemjua. Kisha Tubal anaongeza jingine: kuna mtu alimwonyesha pete aliyopewa na yule binti, na malipo ya pete yalikuwa tumbili.

Hapo sauti ya Shylock inabadilika. Pete hiyo ilikuwa ya feruzi. Alipewa na Leah, wakati yeye bado ni kapera. Kwake hakuna idadi ya tumbili ambayo ingetosha kumfanya aiachie.

Leah ni nani? Mchezo hausemi zaidi. Jina lake linatajwa mara hiyo moja tu, nasi tunaelewa wenyewe kwamba ndiye mke, na kwamba hayupo tena. Lakini tumeshajua mengi. Mzee huyu aliwahi kuwa kijana, mwanamke akampenda, akampa pete, naye akaitunza miaka yote hiyo. Mtu ambaye tangu pazia lilipofunguliwa anapiga hesabu ya kila kitu, kumbe kipo kitu kimoja ambacho hajawahi kukipigia hesabu.

Sasa tazameni upande wa pili, upande wa watu wema. Portia amemvisha pete mchumba wake Bassanio, rafiki wa Antonio, na Bassanio ameapa kwamba siku itakayotoka kidoleni, basi roho nayo imetoka. Kesi ya ile ratili ya nyama inakwisha. Wakili aliyeishinda, ambaye kwa kweli ni Portia mwenyewe katika mavazi ya kiume, hataki fedha, anataka ile pete. Bassanio anasita kidogo, Antonio anamsihi, na pete inakwenda. Rafiki yake Gratiano naye anaitoa ya kwake. Shakespeare analigeuza jambo hili kuwa kichekesho, na ukumbini watu hucheka sana. Lakini ukizifuatilia pete zile utaona kwamba mume asiyeweza kutoa ya mkewe kwa hiari ni mmoja, naye ndiye tuliyeambiwa ni mwovu. Hakuna mhusika anayesimama jukwaani kutueleza hivyo. Pete zimewekwa vidoleni mwa watu, basi, na sisi tumeachiwa kazi.

Hiyo ndiyo mada yangu jioni hii: vitu vidogo vya kila siku katika hadithi, na jinsi vinavyomfichua mtu. Na msimamo wangu nautoa mapema ili mnipinge vizuri. Kitu hakimfichui mtu kwa sababu tu anacho. Humfichua pale kinapopotea, kinapoombwa, kinapofichwa, au kinapoangukia mkononi mwa asiyekijua.

Nasema hivi kwa sababu nina ugomvi na waandishi wenzangu. Nasoma hadithi nyingi za siku hizi, za vitabuni na zile zinazotolewa kwa vipande kwenye simu, na tamthilia za televisheni ndiyo usiseme. Tajiri akiingia, lazima ashuke kwenye gari la vioo vyeusi, ana saa ya dhahabu, ana simu ya bei mbaya. Maskini akiingia, kandambili zake zimeungwa kwa waya. Hivyo si vitu tena, ni sare. Vinatuambia kipato cha mtu, na kipato si tabia. Ile saa ya dhahabu ningeanza kuiamini kama mwenyewe angeivua na kuitia mfukoni kabla ya kuingia kwa mama yake kijijini. Hapo ningetega sikio. Anamficha nini mama? Au ni mama ndiye asiyepaswa kuona kwamba mwanawe amekuwa mtu wa aina ile?

Mabingwa wa kusoma vitu, kama mnavyojua, ni wapelelezi. Sisi tuliolelewa na vitabu vya Muhammad Said Abdulla, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale cha mwaka 1960, tunamjua Bwana Msa na kiko chake. Kiko kile kinamsema mwenyewe: mtu asiye na papara, anayewaacha wengine wakimbizane na mizimu huku yeye akivuta moshi na kuwaza. Wanaofuatilia nasaba za fasihi humtaja babu yake, Sherlock Holmes wa London. Na kwa Holmes ipo saa moja ambayo sichoki kuirudia. Imo katika riwaya yake ya pili, iliyotoka mwaka 1890.

Daktari Watson anataka kumtega rafiki yake. Holmes amedai kwamba kitu kinachotumiwa kila siku hakiwezi kukosa alama ya mwenyewe. Watson anatoa saa ya mfukoni, anamkabidhi: haya, niambie aliyekuwa nayo kabla yangu alikuwa mtu wa namna gani. Holmes anaipima uzito, anafungua kifuniko cha nyuma, anachungulia kwa lenzi. Kwanza analalamika kwamba saa imesafishwa juzi juzi na ushahidi mwingi umekwenda na vumbi. Kisha anaanza. Saa ilikuwa ya baba, ikarithiwa na kaka mkubwa. Kaka huyo alikuwa mzembe. Alianza maisha na matumaini mazuri, akayatupa, akaishi katika dhiki yenye vipindi vifupi vya nafuu, mwishowe akazama katika ulevi, akafa.

Ameyajuaje? Ndani ya kifuniko kuna namba zilizochorwa kwa ncha ya pini. Wenye maduka ya rehani ya Uingereza walikuwa na desturi hiyo: mtu akileta saa, walikwaruza namba ya risiti ndani yake isipotee. Namba hizo si chini ya nne. Kwa hiyo mwenyewe alikwama mara nne, na mara nne akapata fedha za kuikomboa. Halafu kuna tundu la ufunguo, maana saa za zamani zilitiwa ufunguo kila usiku. Pembeni mwa tundu pamejaa mikwaruzo. Mkono wa mtu mwenye akili timamu huingiza ufunguo moja kwa moja. Mkono wa mlevi hutafuta.

Watu humsifu Holmes hapa, na anastahili. Lakini mimi macho yangu yako kwa Watson. Anaruka kitini, anazunguka chumba akichechemea kwa mguu wake ule wenye jeraha, amekasirika. Anamshutumu rafiki yake kwamba alikwenda kuchimba habari za kaka yake kwa siri, sasa anajifanya amezisoma kwenye saa. Alileta kitendawili, akajibiwa msiba wake mwenyewe. Na Holmes, akili yote ile, ndipo anatambua kwamba alikuwa anasoma maiti ya mtu mbele ya mfiwa, akaomba radhi. Saa moja imetupa watu watatu kwa mpigo: aliyekufa, aliyeisoma, na aliyeitoa mfukoni bila kujua bado inamuuma.

Na kuna jambo jingine katika saa ile ambalo Holmes analitaja haraka mno kwa ladha yangu. Mwandishi mvivu angeishia kwenye mikwaruzo: alikuwa mlevi, tuendelee. Lakini mlevi huyu alirudi dukani kuikomboa. Akaiweka tena, akarudi tena. Angeweza kuiuza moja kwa moja, akapata fedha nyingi zaidi na usumbufu mdogo zaidi. Hakuiuza. Ilikuwa saa ya baba yake. Mtu aliyeshindwa kila kitu alishindwa pia kuiachia saa ya baba, na mimi nikisoma namba zile nne nampenda yule marehemu kuliko ndugu yake anavyoniruhusu.

Rehani inanirudisha nyumbani, maana katika riwaya moja ya kwetu kilichowekwa rehani ni mtoto. Nazungumzia riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Kitabu chenyewe kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994, na tangu 2022 tunacho kwa Kiswahili, Peponi, kazi ya mfasiri Ida Hadjivayanis. Yusuf ana miaka 12. Baba yake ana hoteli katika mji mdogo na ana deni kwa mfanyabiashara tajiri aitwaye Aziz. Yusuf hajui habari za deni. Anachojua ni kwamba Ami Aziz akija nyumbani hupikwa vyakula vizuri, na akiondoka humpa yeye sarafu ya anna 10.

Ishikeni sarafu hiyo kidogo. Mara ya kwanza kuisoma, ni ukarimu. Mgeni mstaarabu, ananukia vizuri, hapandishi sauti, na hamsahau mtoto wa mwenyeji. Nani asingempenda? Siku inafika Yusuf anaambiwa atasafiri na Ami, na baadaye, dukani kwa huyo Ami, kijana mwenzake Khalil anamweleza bila kumbembeleza: huyu si ami yako, umewekwa hapa kwa deni la baba yako. Tunapoirudia sarafu sasa, ni ileile, anna zilezile 10, ila mkono uliokuwa ukiitoa tunauona vingine. Gurnah hajamwongezea Aziz jicho jekundu wala kicheko cha jini wa sinema. Amemwacha mpole vilevile. Ndiyo maana anatisha.

Halafu kuna furushi. Mama anamfungia mwanawe safari: kaptula mbili, shati, kanzu ambayo bado ni mpya tangu Idi iliyopita, msahafu. Anavikusanya katika shali kuukuu, anapiga fundo, anapitisha fimbo ili mtoto abebe begani. Msikilizaji wa pwani hahitaji kuelezwa kuhusu hiyo kanzu. Mtoto anakwenda kwa watu, asionekane ametoka nyumba isiyo na mwenyewe. Lakini kuna kitu kimoja mama hakukitia katika furushi. Ni tasbihi yake mwenyewe, kuukuu, ya vijiwe vya kahawia. Hiyo anamtilia mkononi, mwisho kabisa, kwa siri.

Kama tasbihi ingekuwa ndani ya shali pamoja na kaptula, ingekuwa mzigo kama mizigo mingine. Nguo hufungwa na mtu anayejua kwamba mtoto anasafiri. Kitu unachokitumia mwenyewe kila baada ya sala, ukakitoa kwa kificho, mkono kwa mkono, hicho hutolewa na mtu anayejua zaidi ya alichoruhusiwa kusema. Mama huyu hasemi kitu, na kilio chake hatukihitaji. Mtoto naye haelewi, anawaza safari ya treni. Msomaji ndiye pekee anayebaki na tasbihi mkononi bila kujua aiweke wapi.

Hili la kumwachia msomaji ndilo gumu kwa waandishi wengi. Tunaogopa hataelewa. Tunamweka mhusika ashike picha ya marehemu mkewe, halafu tunaongeza sentensi tatu kueleza kwamba alikuwa na huzuni. Jamani, ameishika picha!

Chinua Achebe hakuwa na woga huo. Wengi tulisoma riwaya yake shuleni kwa jina la Hamkani si Shwari Tena. Unoka, baba yake Okonkwo, ana filimbi na ana madeni. Jirani yake Okoye anakuja kudai, na Unoka anacheka, anamwonyesha mistari ya chaki ukutani, kila fungu la mistari ni mtu anayemdai, na wa madeni makubwa lazima walipwe kwanza. Unoka anapougua ugonjwa wa kuvimba, ambao kwa mila yao ni chukizo kwa ardhi, anapelekwa kufia katika msitu mwovu. Anakwenda na filimbi yake. Ukuta wa madeni hauchukuliki, ghala hana, cheo hana. Filimbi anayo. Sijui msomaji gani anaweza kuendelea kumdharau Unoka baada ya hapo, ingawa mwanawe alimdharau mpaka mwisho.

Mwanawe huyo, Okonkwo, ana bunduki. Sio ya maana sana, ni gobore la kutu lililotengenezwa na mhunzi, na yeye wala si mwindaji. Siku chache kabla ya sherehe ya viazi vikuu, baada ya kumpiga mkewe Ekwefi kwa sababu ya majani machache ya mgomba, anaitisha bunduki aende kuwinda. Ekwefi ananong'ona neno la dhihaka kuhusu bunduki zisizowahi kufyatuka. Okonkwo anasikia, anamfyatulia, anamkosa. Baadaye, kwenye mazishi ya mzee Ezeudu, katikati ya ngoma na milipuko ya heshima, bunduki yake inapasuka, kipande cha chuma kinamchoma moyo mtoto wa marehemu mwenye miaka 16. Adhabu ni uhamisho wa miaka 7. Kwa hiyo mtu huyu anayeishi kwa nguvu na kutisha, anapokusudia kuua anakosa, na asipokusudia anaua. Mhakiki angeweza kuandika kurasa 20 kuhusu Okonkwo kushindwa kuitawala nguvu yake. Achebe ametumia gobore. Na kati ya baba na mwana, cha baba angalau kilitoa sauti nzuri.

Kuna kanuni husemwa kwamba mhusika apewe kitu kimoja tu, zaidi ya hapo ni msongamano. Sikubaliani nayo kabisa. Chekhov, katika hadithi fupi ya mwaka 1898, alimpa mwalimu Belikov shehena nzima: viatu vya mpira vya kuvalia juu ya viatu hata siku ya jua, mwavuli ulio ndani ya ala, saa ndani ya ala, hata kisu cha kuchongea penseli ndani ya ala. Lakini ni tabia moja, woga, imejirudia katika kila mfuko. Na siku ya maziko yake mvua ikanyesha, waombolezaji wote wakaja na viatu vya mpira na miavuli. Mji mzima ulikuwa umevaa woga wake.

Sasa najua kuna mtu ananiuliza huko aliko: mbona hujataja kanga? Naitaja, kwa tahadhari. Kanga ni mtego kwa mwandishi wa Kiswahili, kwa sababu imekwisha kusema yenyewe. Ukimvalisha mhusika kanga yenye maandishi ya kumsuta jirani, umemaliza kazi kwa njia ya mkato, na mhusika amebaki bubu. Mimi ningeyaacha maandishi, nikaangalia pindo. Bibi anafungua fundo la pindo kumpa mjukuu nauli. Je, anafungua mbele ya watu, au anageukia ukutani kwanza? Noti imekunjwa mara ngapi? Akishatoa, anafunga tena fundo lililo tupu? Nimewaona wanaofunga fundo tupu, ili wajukuu wengine waliokaa pale wasijue kwamba fedha zimekwisha. Katika fundo hilo kuna riwaya nzima, na maandishi ya kanga yanaweza kusema lolote yanalotaka.

Na kwa wanaoandika habari za vijana wa leo, msiniambie hakuna vitu tena, kila kitu kiko ndani ya simu. Simu yenyewe ni kitu. Mwenye nayo huilaza kifudifudi mezani au chali? Ikiita huiangalia kwanza halafu anamwangalia mkewe, au huipokea tu? Kuna namba huhifadhiwa kwa jina la Fundi Bomba, na huyo fundi hupiga saa tano za usiku, wakati nyumba yenyewe maji ya bomba haina. Upande wa pili kuna mzee mwenye kitochi kilichofungwa kwa mpira wa manjano, ujumbe wa zamani umejaa, hakuna nafasi, naye hakubali kijana yeyote amfutie. Kabla hujaandika kwamba mzee huyu ni mshamba wa teknolojia, jiulize ujumbe ule wa kwanza kabisa umetoka kwa nani.

Basi, ninyi mnaoandika, na najua mpo wengi mnaonisikiliza mkiwa na daftari au kompyuta mbele yenu: chukueni hadithi mliyonayo, pitieni kila kitu mlichomvalisha au kumshikisha mhusika wenu, saa, pete, mkoba, miwani, simu. Kwa kila kimoja ulizeni swali moja: kikipotea usiku huu, nani ataamka kukitafuta, na atatafuta mpaka wapi? Kama jibu ni hakuna, kifuteni bila huruma.